Serikali imehamia Dodoma, tyubu za damu bado ziko pwani

Wakati nakusanya sampuli za utafiti wangu wa uzamili hapa Dodoma, kuna siku maabara moja ilinirudishia karibu trei nzima ya tyubu zenye mfuniko wa bluu. Sababu ilikuwa imeandikwa kwa kifupi: damu haijafika mstari. Nikarudi wodini. Bibi mmoja ambaye nilikuwa nimeshamtoa damu asubuhi akaniangalia, akaangalia sindano, akaniuliza, "Mjukuu wangu, ile ya asubuhi mmeipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwenzangu mmoja mwenye uzoefu akaninong'oneza: "Usijisumbue. Fungua mfuniko, ongezea na bomba la sindano, funga, peleka." Nilifanya hivyo kwa tyubu mbili, halafu nikasita. Nilikuwa nimefuata kila hatua: sindano sahihi, tyubu sahihi, nikasubiri mpaka damu isimame yenyewe. Sasa kwa nini isifike mstari? Na kama tyubu imetengenezwa ijipimie yenyewe, mimi naongezea kwa kipimo cha nani?

Makala hii ni ya kulalamika, nakiri mapema. Ila silalamikii wauguzi wala wataalamu wa maabara, maana wengi wao wanafanya kazi na walichopewa. Nalalamikia namna tulivyokipokea kifaa kizuri nusunusu: tumechukua tyubu, tukaacha fizikia yake, vifaa vinavyoambatana nayo, na maelezo ambayo mgonjwa anastahili kupewa.

Kwanza tuipe haki yake

Kabla ya tyubu hizi damu ilitolewa kwa mabomba ya kioo yaliyochemshwa na kutumika tena na tena, kisha ikamiminwa kwenye chupa. Kila kumimina kulikuwa nafasi ya kumwaga, kujichoma au kuchanganya sampuli. Mwaka 1949 Joseph Kleiner alipata hataza nchini Marekani ya kifaa cha kutolea damu kwa kutumia ombwe, na kampuni ya Becton Dickinson ikakifanya kuwa bidhaa ambayo leo inajulikana kila mahali kwa jina la Vacutainer.

Wazo lenyewe ni rahisi na zuri. Tyubu imetolewa hewa kiwandani na kuzibwa kwa mpira. Sindano ina ncha mbili: moja inaingia kwenye mshipa, nyingine imefichwa ndani ya kishikio cha plastiki. Ukisukuma tyubu ndani ya kishikio, ncha ya nyuma inatoboa mpira na damu inaingia. Ikijaa unaichomoa, unaweka nyingine, na mgonjwa amechomwa mara moja tu. Damu haikutana na hewa ya chumba wala mikono ya mtu.

Na rangi za mifuniko si mapambo. Bluu ina sitreti, kwa vipimo vya kuganda kwa damu. Nyekundu haina dawa, au ina kitu cha kuharakisha damu igande ili tupate seramu. Kijani ina heparini. Zambarau ina EDTA, kwa kuhesabu chembe za damu. Kijivu ina floridi, inayozuia chembe zisile sukari njiani, kwa sababu damu iliyokaa tu kwenye joto la kawaida bila kutenganishwa hupoteza karibu asilimia 5 hadi 7 ya sukari yake kila saa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa utoaji damu mwaka 2010, liliweka hata mpangilio wa tyubu ipi itangulie na ipi ifuate, ili dawa ya moja isiingie kwenye nyingine.

Kwa hiyo tuelewane: sitaki turudi kwenye mabomba ya kuchemsha. Nataka tutumie hiki tulichonacho kama kilivyokusudiwa.

Tyubu hainyonyi

Hapa ndipo tunapoanza kukosea, na tunaanza na lugha. Sote tunasema tyubu "inanyonya" damu. Hata mimi nilifundishwa hivyo. Lakini ombwe halina nguvu ya kunyonya chochote. Ombwe ni utupu tu, na utupu hauvuti kitu.

Evangelista Torricelli alilionyesha jambo hili Italia mwaka 1643 kwa mrija wa zebaki: kinachopandisha zebaki ni uzito wa hewa inayoikandamiza kutoka nje. Hata soda unayokunywa kwa mrija ni hivyo hivyo. Wewe unapunguza hewa mdomoni, na hewa iliyoko nje ndiyo inayoisukuma soda ipande.

Tyubu ya damu nayo haina tofauti. Hewa inayotuzunguka inakandamiza mwili mzima, pamoja na mishipa. Ndani ya tyubu kanieneo ni ndogo. Ukifungua njia kati ya hizo mbili, damu inasukumwa kwenda kwenye kanieneo ndogo. Na tyubu haikuachwa tupu kabisa: kiwandani huachwa kiasi fulani cha hewa kwa makusudi. Damu inapoingia, ile hewa iliyobaki inabanwa, inabanwa, hadi kanieneo yake ilingane na ya nje. Hapo damu inasimama. Hivyo ndivyo tyubu "inavyojua" kwamba mililita 2.7 zimetosha.

Sasa jiulize: inajua kwa kulinganisha na hewa ya wapi?

Hesabu ya Dodoma

Kiwango cha kimataifa cha tyubu hizi, ISO 6710, kinataka zipimwe kwenye kanieneo ya kilopaskali 101, yaani hewa ya usawa wa bahari, na kinaruhusu zikosee kwa asilimia 10, juu au chini. Hewa ya usawa wa bahari ni hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya bahari. Kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa inashuka hadi karibu kilopaskali 88.6, pungufu kwa zaidi ya asilimia 12.

Chukua tyubu ya bluu ya mfano. Ndani ina mililita 0.3 za sitreti, na juu yake kuna nafasi ya mililita 4.7. Imetengenezwa ichukue mililita 2.7 za damu. Maana yake ni kwamba ikijaa pale Dar, hewa iliyobaki ndani imebanwa hadi mililita 2.0.

Ilete tyubu hiyo hiyo Dodoma. Hewa ya nje ni dhaifu zaidi, kwa hiyo haiwezi kuibana ile ya ndani hadi 2.0. Zidisha 2.0 kwa 101.3, gawanya kwa 88.6, unapata karibu 2.29. Toa kwenye 4.7: damu iliyoingia ni mililita 2.41. Hiyo ni asilimia 89 ya kilichoandikwa kwenye lebo.

Ipeleke Njombe, karibu mita 2,000, ambako kanieneo ni kama kilopaskali 79.5. Hewa ya ndani inabaki na mililita 2.55, damu inakuwa 2.15, sawa na asilimia 80.

Nimerahisisha mambo hapa. Nafasi iliyomo ndani hutofautiana kati ya aina moja ya tyubu na nyingine, na ukiacha mkono umefungwa mpira, kanieneo ya mshipa inaongeza kidogo. Lakini mwelekeo haubadiliki: ukipanda mlima, tyubu inachukua damu kidogo. Na hii si hitilafu ya kiwanda. Ni sheria ya Boyle, ile ile tuliyoikariri sekondari kwa ajili ya mtihani tu.

Kwa tyubu ya bluu jambo hili lina uzito kwa sababu kipimo kinategemea uwiano: sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitreti. Sitreti inazuia damu isigande kwa kukamata kalsiamu. Maabara nayo inarudisha kalsiamu kwa kiasi maalumu, kisha inahesabu sekunde hadi damu igande. Damu ikiwa pungufu, sitreti inazidi, inakamata na sehemu ya kalsiamu iliyorudishwa, na sekunde zinarefuka. Mgonjwa anayetumia wafarini anaonekana damu yake ni nyepesi kuliko ilivyo kweli. Daktari anapunguza dawa. Damu inayohofiwa kuganda inapewa ruhusa ya kuganda.

Sitaki kumtisha mtu bure. Kwa asilimia 89, kosa kwenye kipimo cha PT mara nyingi ni dogo, na APTT ndiyo huyumba mapema zaidi. Hoja yangu ni nyingine. Maabara nyingi hukataa sampuli ya bluu iliyo chini ya asilimia 90. Maana yake Dodoma, kwa tyubu kama ile ya mfano, hewa peke yake imeshakula posho yote ya makosa kabla mtoa damu hajagusa mkono wa mgonjwa. Hakuna kilichobaki cha kufidia mambo mengine. Na mambo mengine yapo.

Lipo joto. Tyubu nyingi zimeandikwa zihifadhiwe kati ya nyuzi 4 na 25. Hebu niambie stoo gani isiyo na kiyoyozi inabaki hapo mchana wa Novemba huku kwetu. Upo muda: plastiki hupitisha hewa polepole, ombwe linapungua, ndiyo maana tyubu ina tarehe ya mwisho hata kama ndani huoni kitu cha kuharibika. Na kuna ile sindano ya kipepeo yenye mrija mrefu. Hewa iliyomo kwenye mrija inaingia kwenye tyubu ya kwanza na kuchukua nafasi ya damu, kwa hiyo kama ya kwanza ni ya bluu, ilitakiwa utangulize tyubu nyingine ya kutupa. Ni wangapi tunafanya hivyo?

Rudi sasa kwa yule bibi. Damu yake ya asubuhi haikufika mstari, na tulichomfanyia ni kumchoma tena kwa tyubu zile zile, kwenye hewa ile ile.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba dawa ipo. Wapo watengenezaji wanaouza tyubu za maeneo ya mwinuko, zilizotolewa hewa zaidi kiwandani. Arusha, Mbeya, Njombe, Nairobi na Kigali zote ziko juu kuliko Dodoma, kwa hiyo hili si tatizo la wachache walioko mlimani. Ni mstari mmoja tu wa kuongeza kwenye fomu ya kuagizia: mwinuko wa mahali tyubu itakapotumika. Makao makuu ya serikali yamepanda hadi Dodoma. Tyubu nazo ziagizwe kwa anwani mpya.

Tumenunua ombwe, tukalitoboa

Lalamiko la pili linatuhusu sisi tunaoshika sindano. Ukienda sehemu nyingi utaona tyubu zipo, lakini kishikio hakuna, sindano ya ncha mbili hakuna. Kwa hiyo damu inatolewa kwa bomba la kawaida, kisha inahamishiwa kwenye tyubu. Yaani tumenunua kifaa cha kuepuka kumimina damu, halafu tunamimina.

Zipo sababu za haki. Mshipa wa mtoto mdogo au mzee aliyekaukiwa maji unaweza kujifunga tyubu inapouvuta ghafla, na bomba linakuruhusu kwenda taratibu. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kinachofuata baada ya damu kuwa ndani ya bomba.

Mtu anatoboa mpira, halafu anasukuma kwa kidole gumba, kwa haraka, maana foleni ni ndefu. Chembe nyekundu zinapita kwenye tundu jembamba kwa nguvu, zinapasuka. Ndani ya chembe hizo potasiamu ni nyingi mno kuliko nje, kwa hiyo inamwagika kwenye sampuli. Majibu yanatoka: potasiamu imepanda. Daktari anaogopa moyo wa mgonjwa, kumbe mgonjwa ni mzima na kilichopasuka kimepasukia mezani.

Mwingine anafungua mifuniko yote, anagawa damu kama chai, na nyekundu ikipungua anaiongezea kutoka zambarau. Hili ni baya kuliko yote. EDTA ya tyubu ya zambarau ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kukamata kalsiamu. Matone machache tu yakiingia kwenye nyekundu, majibu yanaonyesha potasiamu ya kutisha na kalsiamu iliyoporomoka. Kuna mgonjwa anaweza kutibiwa ugonjwa ulioko kwenye tyubu.

Na mimi niliyefungua mifuniko miwili na kuongezea kwa kukadiria sikuwa tofauti sana na hao. Sampuli zile mbili nilizitupa. Tayari zilikuwa zimemgharimu mtu maumivu.

Kama bomba halikwepeki, njia inajulikana, na mwongozo wa 2010 unaieleza. Tyubu isimamishwe kwenye kishikilia tyubu, isishikwe mkononi. Toboa mpira kwa mkono mmoja. Usisukume, acha ombwe lichukue kiasi chake. Haihitaji mashine wala semina ya siku tatu.

"Wanyonya damu"

Lalamiko la mwisho linarudi kwenye lile neno "kunyonya", na hapa Dodoma neno hilo si la mzaha.

Hadithi za mumiani, watu wanaoteka wenzao na kuwanyonya damu, zimekuwapo Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni. Mwanahistoria Luise White aliziandikia kitabu kizima mwaka 2000, na alichosisitiza ni kwamba uvumi huo usichukuliwe kuwa ujinga tu, kwa sababu ndani yake watu wanasema jinsi walivyoiona serikali, hospitali na wageni wenye vifaa. Tusidhani yameisha. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mwendo mfupi tu kutoka mjini, watafiti wa kilimo kutoka kituo cha Selian cha Arusha waliuawa pamoja na dereva wao na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Watu watatu. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo.

Siwezi kudai kwamba maelezo mazuri ya tyubu yangewaokoa. Lakini nikikumbuka tukio hilo, naona aibu jinsi tunavyoingia vijijini na masanduku ya tyubu, tunamfunga mtu mkono, tunajaza tano mfululizo, na akiuliza tunamjibu "ni vipimo tu, mama". Mama ameona chupa tano zikijaa zenyewe, bila mtu kuvuta. Kwake ni mashine inayonyonya. Na sisi ndio tuliompa neno hilo.

Maelezo hayachukui dakika mbili. Tyubu moja ya mililita 4 haifiki kijiko kimoja cha chai. Tano ni vijiko vinne. Mtu anayechangia damu hutoa mililita 450, zaidi ya mara ishirini ya hizo, na anaenda nyumbani kwa miguu yake. Bluu ni ya kuganda, zambarau ni ya kuhesabu chembe, kijivu ni ya sukari, na haziwezi kuchanganywa, ndiyo maana ni nyingi. Damu inaingia yenyewe kwa sababu hewa inaisukuma, na ikifika kiasi chake inasimama. Ukimwonyesha mzee tyubu iliyosimama yenyewe, umemwonyesha kifaa chenye mpaka. Hiyo ni habari njema kuliko zote unayoweza kumpa mtu anayeogopa damu yake itaisha.

Jaribio la Jumatatu

Nimalizie na kazi kwa wanafunzi wenzangu walioko nyanda za juu, kuanzia Kondoa hadi Makete. Chukua tyubu kumi za bluu ambazo hazijaisha muda. Pima uzito wa kila moja kwenye mizani ya maabara. Chovya ncha ya sindano kwenye maji, ingiza tyubu, subiri maji yasimame, pima tena. Gramu moja ya maji ni mililita moja. Linganisha na lebo. Kisha fanya hivyo kwa tyubu zilizokaa stoo yenye joto, na kwa zilizobakiza mwezi mmoja.

Jaribio hilo halihitaji ufadhili wala kibali cha maadili, maana hakuna anayechomwa. Ukipata majibu, usiyafungie kwenye tasnifu. Mpelekee anayejaza fomu za kuagiza vifaa hospitalini kwenu, na umwombe mambo matatu kwa pamoja: tyubu za mwinuko wetu, vishikio vyake, na sindano zake. Kimoja bila vingine ni kurudi kule kule.

Yule bibi nilimjibu baadaye, nilipokwisha kuielewa hesabu hii mwenyewe. Nilimwambia damu ya asubuhi tuliitupa kwa sababu chupa zetu zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa pwani. Alicheka, akasema, "Basi mngewachoma wao."

Ana haki.